Karatasi ya Mlango wa Pembeni

Malindi
9 Mei 1985

Ochola,

Ndiyo, ni kweli. Nimeonekana nikiingia kliniki kwa mlango wa pembeni, na huyo dereva wenu wa hoteli aliyekuletea habari mpaka huko Bofa umwambie aangalie barabara. Lakini sikuingia kuiba. Nakueleza, kisha uichome barua hii kwenye jiko lako hapo, maana wewe ni mpishi na moto hukosi.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni mtu wa foleni. Mwenye shughuli akitaka daktari, au ofisi ya baraza la mji, au posta, namuwekea jiwe lake mapema, nakaa nalo, yeye anakuja jua limepanda anachukua nafasi yake. Mawe ninayo kumi na mawili, yote mazito, kwa sababu jiwe jepesi watu hulisogeza kwa mguu halafu wanajifanya hawakuliona. Miaka minne nimekaa kwenye foleni ya kliniki ile sijaumwa hata kichwa. Jumanne nikaweka jiwe langu mwenyewe. Watu wakaniuliza, Dena, leo unamshikia nani? Nikasema namshikia tajiri mmoja. Wakakaa kumngoja huyo tajiri. Zamu ilipofika nikainuka mimi, wakacheka sana, wakajua ni utani wangu wa kila siku.

Ochola, nina kidonda. Hakiumi, na hilo ndilo baya lake, kwani kingeuma ningekwenda zamani. Sista Zipporah akakiangalia kama mtu anayeangalia nazi mbovu sokoni, akasema ni kaswende. Sindano tatu, Jumanne tatu. Ya kwanza nimepigwa, nakaa upande mmoja tu.

Najua utauliza ni nani. Ni Easter, yule wa kilabu cha nyuma ya soko, mwezi wa tatu. Mara mbili. Nilitaka kusema mara moja lakini Sista alinikazia macho na ya pili ikatoka yenyewe. Easter mwenyewe hayupo. Askari walipopita na lori kuwakusanya wanawake wa vilabu wakapimwe kwa nguvu, yeye akatorokea mlango wa nyuma, na mpaka leo mmoja anasema yuko Mombasa, mwingine anasema Lamu.

Sasa sikiza. Sista amenipa karatasi mbili za manjano, zote zina nambari 214 na muhuri. Hazina jina langu, hazina jina la ugonjwa. Anayeishika hapangi foleni, anapita mlango wa pembeni, haulizwi jina, anapimwa damu na sindano anapigwa siku hiyo hiyo. Moja ni ya Easter, hiyo bado ninayo mfukoni. Ya pili ni ya mke wangu Kadzo, mama Kabibi, huko Jilore.

Na mama Kabibi ana mimba ya miezi mitano. Sista aliposikia akaweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huu unampanda mtoto humo humo tumboni. Anaweza kuzaliwa maiti, au akazaliwa hai na macho na mifupa imeharibika. Mama akipata sindano mapema, mtoto anapona. Nilitafuta neno la kuchekesha nikalikosa, na wewe unanijua.

Sasa nitafanyaje? Kadzo akijua, ndoa imekwisha. Na nimesikia kuna sheria, anayempa mwenzake ugonjwa huu na huku anajua anafungwa. Asipojua, hatakuja. Basi nimepata akili. Nitamtumia karatasi nimwambie ni ya kumpitisha foleni. Si uongo huo, kwani haipitishi foleni?

Choma.

Dena wa Foleni


Malindi
10 Mei 1985

Mama Kabibi,

Salamu zangu kwako, kwa Kabibi na kwa mama. Mimi mzima kama kengele ya shule.

Nakuletea leso doti moja, na ndani ya leso kuna karatasi ya manjano. Usiikunje, usiiweke karibu na maji, usimpe mama aifungie tumbaku. Hiyo karatasi watu wa mji huu wanaililia hawaipati. Ukija nayo kliniki Malindi siku ya Jumanne, hupangi foleni. Unazunguka upande wa mwarobaini, unagonga mlango wa pembeni, unaingia kama mke wa mkuu wa wilaya. Watakupima damu na kukupiga sindano ya nguvu ya kusaidia mtoto. Hawaulizi jina, nawe usiwaulize mambo mengi, watu wale wana kazi.

Nimeipata kwa sababu ya kujuana. Mume wako si mtu mdogo hapa.

Njoo Jumanne hii, usingoje ya pili. Mimi mwenyewe siku hiyo huenda nisiwepo, nina safari ya Watamu, lakini wewe ingia tu. Jumamosi pia sitafika nyumbani, kazi imenizidi.

Mumeo,
Dena


Jilore
16 Mei 1985

Baba Kabibi,

Tumshukuru Mungu sisi wazima. Karatasi nimeipata na leso nimeipata. Hiyo leso ndiyo iliyonitia wasiwasi. Miaka sita umeninunulia leso mara mbili: siku ya arusi, na siku ulipopoteza mbuzi wa mamako. Sasa umepoteza nini?

Jumanne sikuja. Nimekaa na karatasi hii nikiigeuza mbele na nyuma. Wewe uliachia darasa la tatu, mimi nilifika la saba, na huko la saba tulifundishwa kwamba karatasi ya serikali ina jina. Hata mtoto akipimwa uzito hapa zahanati wanaandika jina lake, la baba na la chifu wake. Hii ina nambari peke yake. Ng'ombe wa mnadani ndio wana nambari peke yake.

Halafu hapa kwetu kuna siku ya wajawazito kila Alhamisi, mwendo wa mashamba mawili. Mwezi uliopita nilikwenda, wakasema mtoto anacheza vizuri. Kwa nini nipande gari mpaka Malindi kupigwa sindano ambayo sijaiomba, na mahali ambapo natakiwa nisiulize mambo mengi? Na kwa nini siku hiyo hiyo wewe uwe Watamu? Mtu wa foleni ana safari gani ya Watamu?

Wiki ya pili hii hujaja Jumamosi. Mama anasema mwanawe anafanya kazi kwa bidii. Kama huko mjini umeoa, niambie nijipange. Nisije nikapita mlango wa pembeni nikakuta mwenzangu amekaa ndani.

Kabibi anauliza baba amefia wapi. Nimemwambia hajafa.

Kadzo


Malindi
20 Mei 1985

Mama Kabibi,

Umenichekesha mpaka nikasahau kuweka jiwe la mwalimu mmoja, akakosa zamu yake. Mimi nioe mke wa pili? Wewe mmoja unanihoji hivi, nikiwa na wawili si nitahamia polisi kabisa.

Nakujibu moja moja. Zahanati ya hapo kwenu hawana chombo cha kupimia damu, hawana hiyo sindano. Jina hawaandiki kwa sababu ya wivu. Karatasi hizi ni zawadi kwa watu kama mimi tunaowasaidia kutuliza foleni, na wangeandika majina, kesho utasikia kwa nini mke wa Dena na si wangu. Jumamosi siji kwa sababu nina jipu, na limekaa mahali pa kukalia. Gari la Jilore unalijua lile, mimi nisimame kutoka Malindi mpaka huko? Si uongo, uliza mtu yeyote, nakaa upande mmoja kama mtu anayepanda baiskeli ya mwenzake.

Watamu sikwenda.

Nakuomba, Kadzo. Mimi si mtu wa kuomba, unajua. Nenda Jumanne ya tarehe 28, sio kwa ajili yangu.

Dena


Malindi
31 Mei 1985

Ochola,

Karatasi imerudi kliniki!

Jana nilimvizia Sista Zipporah akitoka kunywa chai. Jumanne hakuwepo, alikuwa ameitwa kwenye mafunzo, akakaa sista mwingine mgeni. Nikamwambia Sista, niangalilie tu. Akanipima kwa macho, akafungua daftari. 214, mke, kutoka Jilore, amekuja na karatasi tarehe 28, damu imechukuliwa, sindano ya kwanza amepigwa. Nikamuuliza damu yenyewe ikoje. Akasema yeye habebi damu ya mtu kumpelekea mwingine, hata kama ni mume.

Mimi inanitosha. Ya kwanza kaipata, mbili zimebaki, mtoto anapona, na Kadzo hajui. Nimetoka pale nikacheza chakacha mbele ya foleni nzima, wakafikiri Easter amerudi mjini.

Uliniandikia kwamba uongo utanirudi. Huu umekwenda kutibu mtu, bwana. Wapo wangapi waliosema kweli na hawakutibu hata kuku?

Za kwangu zote tatu nimemaliza. Jumamosi ya kesho bado siendi, nangoja uso wangu urudi mahali pake.

Dena


Jilore
2 Juni 1985

Baba Kabibi,

Na karatasi yako sikwenda mimi. Alikwenda Kanze.

Kanze wa Gona, jirani yetu wa upande wa mikorosho, aliyenishika mkono siku namzaa Kabibi. Jino lilimfurisha shavu lote, siku nne hali wala halali. Alikwenda zahanati akapewa vidonge vya kichwa. Mimi nikiwa na karatasi ya kupita foleni, nimeikunja sandukuni, nimtazame mwenzangu analia? Nikampa. Nikasema wewe umesema haina jina, basi itamfaa yeyote. Na nikuambie yote, kwa vile mimi siwezi kuficha kama wengine: moyoni nilisema, kama hii karatasi ni ya heri, Kanze atapona jino. Kama ina jambo lake, nitalijua kabla halijanifika mimi. Hilo nalo ni dhambi yangu na nimelala nayo.

Amepita mlango wa pembeni kama ulivyosema. Hawakumuuliza jina. Akaonyesha shavu, sista mgeni akamwambia jino tutaliona, kwanza hili. Wakamtoa damu. Wakampiga sindano ya nyama ya nyuma, iliyomfanya achechemee. Akauliza hii ni ya jino? Sista akamwambia pole pole kama mtu anayefariji: "Usiogope, mama. Mumeo alishakuja, amemaliza zake. Nawe ukimaliza zako mmepona wote wawili."

Mumeo alishakuja. Kanze akauliza amekuja kwa ugonjwa gani. Akaambiwa kaswende.

Amerudi hapa hakulia hata kidogo. Alimuuliza Gona mbele ya watu, umekwenda kliniki Malindi lini? Gona akasema hajafika Malindi tangu korosho za mwaka jana, na hiyo ndiyo kweli, mimi mwenyewe namuona shambani kila siku. Lakini nani atamsadiki? Serikali imesema alikwenda. Kadiri anavyokataa ndivyo anavyoonekana mwongo. Kanze amechukua watoto amerudi kwa baba yake, ng'ambo ya mto Sabaki. Ndugu zake wamekuja na kusema mahari hairudi. Gona ameacha kulima. Amekaa mlangoni pake, na watu wakipita hawamwamkii.

Naibu wa chifu amesikia. Amesema iko sheria ya afya ya watu wote, na mwenye ugonjwa huo akiuficha anapelekwa kwa nguvu, na akikataa anafungwa. Amempa Gona mpaka baraza la Jumamosi, tarehe 15, aonyeshe kadi yake ya kliniki. Gona ataonyesha kadi gani? Hana kadi. Hajawahi kuwa nayo.

Sasa nakuuliza mimi. Kanze hakuwa na mume wa kwenda kliniki ile. Karatasi ilitoka mkononi mwako. Huyo mume aliyepigwa sindano, mwenye jipu mahali pa kukalia, aliyetaka nisiulize mambo mengi, mimi namfikiria tangu Jumanne na sura yake siipendi.

Nambari 214 ni ya nani? Nijibu kwa maneno mawili, usinijazie ukurasa.

Kadzo


Bofa, Kilifi
7 Juni 1985

Bwana Dena,

Nimepokea barua zako mbili kwa siku moja, ile ya tarehe 31 unacheza ngoma na hii ya tarehe 4 unalia. Zote nimezichoma. Mpishi mwenzangu aliuliza kwa nini samaki ana harufu ya karatasi.

Omera, ndugu yangu, mimi sitakuhukumu. Lakini kila nikisoma naona kuna kitu umeruka. Kwanza ulisema mara mbili. Je, ni mbili kweli? Halafu karatasi ya Easter, unayo bado mfukoni? Huyo mwanamke naye ana mwili. Umemuuliza nani alipo, au umefurahi tu kwamba hayupo?

Umeniuliza ufanye nini bila kumwambia Kadzo. Nitakuambia njia iliyopo. Kule kwenu kuna ofisa wa afya. Hapa kwetu hotelini kila miezi mitatu wanatupanga, tunapimwa, kadi inagongwa muhuri, na asiye na muhuri anarudi nyumbani bila mshahara. Mgeni anayelala chumba cha baharini hakuna anayemuuliza kadi, lakini hayo tuyaache. Ninachosema ni kwamba nguvu wanayo. Nenda kwa Sista, umwambie mke wako amekataa kuja. Atatoa karatasi ya sheria, askari ataipeleka Jilore, Kadzo ataletwa na kutibiwa. Mtoto atapona. Wewe hukusema neno, ni serikali imesema. Watu watafikiri wanapima kijiji kizima.

Kuhusu Gona, siku zitapita. Damu ya mke wake ikitoka safi, watajua ni makosa.

Hiyo ndiyo njia rahisi. Sikusema ni nzuri. Nimekaa na barua yangu hii siku nzima kabla sijaitia bahasha.

Simeon Ochola


Malindi
11 Juni 1985

Kadzo,

Ni yangu.

Maneno mawili hayo. Sasa niruhusu niongeze, kwa sababu ukiishia hapo utakosa lililo kubwa kuliko mimi.

Sina mke wa pili. Nilikwenda mara mbili kwa mwanamke wa kilabu, mwezi wa tatu, na kwa jina la Mungu ni mbili, ingekuwa tatu ningesema sasa kwa vile nimeshaanza. Nikapata kaswende, ile mama anaiita sekeneko. Nimepigwa sindano tatu, nimemaliza. Jipu halikuwepo, palikuwa na sindano. Karatasi ile ilikuwa yako tangu mwanzo, wewe na hicho kilicho tumboni. Mwezi wa tatu na wa nne nilikuwa nikija kila Jumamosi. Unaelewa, Kadzo. Huenda unao, na wewe hukusikia lolote, kwa maana wengine hawaumwi. Ukiwa nao, unampanda mtoto. Anaweza kufa kabla hajakuona. Ukipigwa sindano sasa, anapona. Sista amesema sasa, hakusema mwezi wa nane.

Nilijua hayo tangu tarehe 7 Mei. Leo ni wiki tano. Wiki tano nilikuwa nachagua uongo unaonipendeza.

Nikuambie na la leo, usije ukalisikia kwa mwingine. Asubuhi nilikwenda kwa Sista Zipporah nikiwa na akili nyingine kichwani. Nilitaka nimwambie umekataa kuja, akutolee karatasi ya sheria, askari akulete, mimi nikae kimya nionekane na huruma. Nilimwambia hivyo. Kwanza nilimweleza ya Kanze, akashika kichwa, akasema sista wake alikosea kusema habari za mume, na karatasi zile zinaacha jina ili mtu asiaibike, hakufikiria mtu ataitumia kwa jino. Halafu nikatoa ombi langu.

Akafungua mtoto wa meza, akanionyesha fomu zimefungwa kwa uzi, zimeota vumbi. Akasema sheria ni hiyo, anayo, na hajawahi kuitoa hata moja. Mwezi wa tatu lori lilipopita vilabuni, aliletewa wanawake kumi na tisa siku moja. Mwezi wa nne hakuja mwanamke hata mmoja kwa miguu yake. Walikwenda kununua vidonge vya rangi mbili kwenye vibanda, nusu dozi, wakakimbilia Lamu na Mombasa. Akaniambia, "Ugonjwa haukuondoka Malindi, Dena. Waliondoka wagonjwa. Mimi nikituma askari Jilore leo, kesho hakuna mama mjamzito wa Jilore atakayeugonga mlango wangu tena."

Nikamuuliza basi nifanyeje. Akasema, "Umewauzia watu wa mji huu nafasi ambazo si zako miaka minne kwa huo mdomo. Leo umekwisha?"

Nikatoka. Karatasi ya Easter nayo nimemwachia dada yake anayeuza samaki hapa sokoni. Alinitukana, na aliichukua.

Sasa tufanye biashara, mama Kabibi. Ninayoijua ni hiyo tu.

Kila kazi niliyofanya nilichukua malipo kwanza, jiwe baadaye. Safari hii nalipa mimi kwanza. Jumamosi tarehe 15 nitakuja na gari la asubuhi. Nitasimama kwenye baraza la naibu wa chifu, nimeshika kadi yangu, nambari 214 na jina langu, nitasema mbele ya Gona na ndugu za Kanze kwamba mume aliyekwenda kliniki ni mimi, karatasi ni yangu, Gona hana kosa lolote. Nitasema bila utani hata mmoja. Naibu wa chifu akitaka kunifunga, anifunge. Kadi itaonyesha nimemaliza dawa, lakini sitegemei hilo. Kutoka hapo nitavuka Sabaki kwa miguu mpaka kwa baba yake Kanze nirudie maneno yale yale, wakinipiga wanipige.

Mtoto hayumo kwenye biashara hii. Nikija nisije, nikitimiza nisitimize, wewe Jumanne tarehe 18 uende ukapigwe sindano. Pita mlango wowote, sema umetumwa na 214. Sista Zipporah atakuwepo, anakungoja. Kabla ya hapo, kama Alhamisi zahanati wana gari la kwenda Malindi, panda hilo.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Sitaki msamaha, sitaki kulala ndani, nitalala jikoni kwa mama au hapa hapa mjini. Nataka Jumanne tatu hizo niwe mtu wako wa foleni. Umeniambia hupiti mlango wa pembeni kama mtu mwenye nambari ya mnadani, na mimi nimekuelewa. Utapita wa mbele, na jina lako, kwenye foleni ya akina mama wenye mimba. Nitakaa kwenye nafasi yako tangu mapema, wewe uje jua limepanda, uketi kwenye kivuli. Huna haja ya kusema nami. Nikikuchekesha, usicheke.

Ukikubali usiandike. Njoo barazani Jumamosi na jiwe moja la hapo kwetu, unipe mkononi nikishamaliza kusema. Ukija mikono mitupu, nitaelewa, sitakufuata.

Lakini kama utalileta, Kadzo, chagua zito. Jepesi watu hulisogeza kwa mguu.

Dena Charo
Nambari 214